Utando wa Seli: Mpaka wa Mafuta Unaolinda Uhai

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando ulio mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Utando huo hujengwa hasa na fosfolipidi, aina ya mafuta yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Hivyo fosfolipidi hujipanga katika tabaka mbili: vichwa huelekea maji yaliyo ndani na nje ya seli, na mikia hujificha katikati. Wanasayansi Gorter na Grendel wa Uholanzi walieleza mpangilio huo mwaka 1925, baada ya kupima mafuta ya chembe nyekundu za damu.

Protini zilizopachikwa humo ndizo malango: hupitisha sukari na chumvi, na kupokea ujumbe wa homoni. Kolesteroli huuzuia utando usilegee wala kukakamaa kupita kiasi.

Virusi vya Ebola, vilivyotambuliwa mwaka 1976 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hujivika utando wa mafuta vinaoupora kutoka kwenye seli za mgonjwa. Sabuni huuvunja utando huo, na virusi hupoteza uwezo wa kuambukiza. Ndiyo maana kunawa mikono kwa maji na sabuni ni kinga ya kweli.