Ngawira ya Lugalo na Nchi ya Munisagara

Munisagara, Kilosa, ndiko Carl Peters alikopatia mkataba wa Usagara, Desemba 1884. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa wakamuua kamanda wa Kijerumani, Zelewski, huko Lugalo, wakateka bunduki zipatazo 300 na mizinga. Mwaka 1892 wakaangamiza kikosi cha Wajerumani Kondoa, jirani na Kilosa (si Kondoa Irangi).

Katika fiqhi mali itekwayo vitani huitwa ghanima, ingawa vita vya Mkwawa havikuwa jihadi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipata upanga wa Dhulfikar katika ngawira ya Badr. Lakini upanga haudai risasi wala fundi. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo Mkwawa alipokwama: ngome yake ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na mizinga ile haikuiokoa.