Rahisi Ghali: Hesabu ya Volkswagen Kuukuu

Wahenga waliposema kwamba rahisi ni ghali, hawakuwa wameiona motokaa. Walikuwa wakiizungumzia nguo inayochujuka katika fuo la kwanza, na ubao mbichi unaotiwa katika mbavu za chombo ukaja kuachia baharini. Methali hiyo, hata hivyo, imewafaa na waliokuja nyuma, na pengine hakuna kitu cha karne ya ishirini kilichoithibitisha kama lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa kobe, ambalo dunia nzima ililijua kwa jina la Volkswagen, yaani gari la watu.

Kijana aliyepata leseni yake juzi, anapolikuta gari la namna hiyo limeegeshwa chini ya mwembe, turubali limelifunika nusu na majani makavu yamejaa juu ya paa, hushikwa na mapenzi ya ghafla. Huuliza bei, na bei haimtishi. Ndipo huketi akapiga hesabu yenye safu tano: bei, petroli, bima, spea na ujira wa fundi. Safu hizo ni za haki na hapana mtu wa kumlaumu. Lakini swali la gharama ya gari hili halikuanza kwake. Limekuwa likiulizwa tangu mwaka 1934, na mara nyingi jibu la kwanza lililotolewa halikuwa la kweli.

Mwaka huo Adolf Hitler alimwagiza mhandisi Ferdinand Porsche abuni gari la kuchukua watu wazima wawili na watoto watatu, liende kilomita 100 kwa saa bila ya kuchoka, na bei yake isifike marka 1,000. Umbo na mitambo yake haikuwa fikra ya mtu mmoja. Mhandisi Myahudi Josef Ganz alikuwa amekwisha kulipigania gari dogo la namna hiyo katika maandishi na katika magari aliyoyajenga kabla ya kulazimika kuihama Ujerumani, na kiwanda cha Tatra cha Chekoslovakia kilikuwa na magari yenye injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa. Baada ya vita Tatra walidai haki yao, na shauri likamalizwa kwa fidia katika miaka ya 1960.

Viwanda vya magari vilivyokuwapo viliona kwamba bei hiyo haiwezekani. Kwa hiyo kazi ilikabidhiwa Jumuiya ya Kazi ya Kijerumani, chombo cha chama kilichochukua nafasi ya vyama huru vya wafanyakazi vilivyovunjwa Mei 1933, majumba yao yakakamatwa na fedha zao zikanyang'anywa. Mali hiyo ndiyo iliyokuja kutumika katika kukijenga kiwanda ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa tarehe 26 Mei 1938, karibu na Fallersleben. Kabla hata ya gari la kwanza kutoka, basi, wafanyakazi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kulilipia bila ya kuulizwa.

Kisha wakaombwa walilipie mara ya pili. Bei iliyotangazwa ilikuwa marka 990, na aliyelitaka gari alitakiwa anunue stempu ya marka 5 kila wiki, aibandike katika kitabu chake, akae akisubiri. Haba na haba hujaza kibaba, na Mjerumani wa kawaida alikuwa na subira ya kutosha. Lakini ukiigawa marka 990 kwa 5 unapata wiki 198. Ongeza na bima ya lazima ya marka 200, wiki zinakuwa 238, nayo ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kujinyima. Akiba hiyo haikuzaa faida yoyote kwa mwenye kuiweka. Watu wapatao 336,000 waliingia katika mpango huo. Hapana hata mmoja wao aliyepewa gari. Vita vilianza Septemba 1939, na magari machache ya kiraia yaliyotoka kiwandani yaligawiwa wakubwa wa serikali na chama. Kibaba kilijaa kweli, ila mwenye kibaba alikuwa mtu mwingine.

Wakati wa vita kiwanda kilitengeneza gari la jeshi la mtindo huohuo, takriban 50,000, pamoja na zana nyingine za kuulia. Mikono ya kazi ilipopungua, ililetwa kwa nguvu kutoka nje. Watu kiasi cha 20,000 walilazimishwa kufanya kazi hapo: Wapolandi, raia wa Kisovyeti, mateka wa Kifaransa, wanajeshi wa Kiitaliani waliowekwa kizuizini, wafungwa wa kambi za mateso, wakiwamo Wayahudi wa Hungaria waliotolewa Auschwitz. Wanawake wa Kipolandi na wa Kisovyeti waliojifungua waliporwa watoto wao, wakapelekwa katika kituo kilichokuwa chini ya kiwanda, ambacho mwaka 1944 kilihamishiwa kijiji cha Rühen. Huko watoto wachanga zaidi ya 300 walikufa kwa uchafu, maradhi na kutotazamwa. Daktari wa kiwanda aliyekuwa na dhamana yao alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya Uingereza, akanyongwa mwaka 1947. Katika hesabu ya gari la bei rahisi, hii ni safu isiyoandikwa katika tangazo lolote la mauzo.

Mwaka 1945 kiwanda kiliyobaki magofu kiliangukia katika eneo la Waingereza. Meja Ivan Hirst, afisa mhandisi aliyetumwa kukiangalia, aliona kwamba mashine nyingi zilikuwa zimesalimika na kwamba jeshi lilikuwa na njaa ya magari. Agizo la magari 20,000 likatolewa, na mji uliozunguka kiwanda ukapewa jina la Wolfsburg. Mnamo Januari 1948 usimamizi ulikabidhiwa Heinrich Nordhoff, na tarehe 5 Agosti 1955 gari la milioni moja lilitoka. Tarehe 17 Februari 1972 idadi ilipita milioni 15, ikaipiku ile ya Ford Model T.

Na wale wenye vitabu vya stempu? Akiba yao ilikuwa katika benki mjini Berlin, nayo ikaingia mikononi mwa Wasovyeti. Mwaka 1948 wenye stempu walianza kukidai kiwanda mahakamani. Shauri lilikwenda likirudi muda wa miaka 13, hadi mwaka 1961 lilipofikia suluhu: aliyemaliza kulipa apunguziwe marka mpya 600 akinunua gari jipya, au apewe marka 100 taslimu aende zake. Aliyeanza kubandika stempu akiwa kijana wa miaka 25 alikuwa sasa na mvi.

Afrika Mashariki ililipokea gari hili wakati wa sifa zake. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliandaliwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally. Waandaaji hawakuyapanga magari kwa ukubwa wa injini, kama ilivyokuwa desturi kwingineko. Waliyapanga kwa bei yake dukani. Mshindi wa jumla hakutangazwa, lakini katika kundi la bei ya chini kabisa Alan Dix na mwenzake walifika na Volkswagen yao wakiwa na makosa machache kuliko wote. Mwaka uliofuata Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa gari la aina hiyohiyo, wakafuatiwa na Gus Hofmann na Arthur Burton mwaka 1957, kisha Tommy Fjastad na Bernhard Schmider mwaka 1962.

Sababu haikuwa kasi. Injini ya miaka ile, ya sentimita za ujazo 1,192, ilikuwa na nguvu za farasi 30 tu. Lakini gari halikuwa na rejeta, wala maji ya kuchemka, wala mpira wa maji wa kupasuka katikati ya pori. Uzito wa injini ulikaa juu ya magurudumu ya nyuma yanayosukuma, kwa hiyo lilipanda tope ambalo magari makubwa yalilizama. Tumbo lake lilikuwa bapa, likateleza juu ya mawe. Katika barabara za udongo mwekundu wakati wa masika, unyonge wake ulikuwa ndio werevu wake.

Somo hilo lilikaziwa mwaka 1965, ingawa kwa gari la kabila lingine. Ndugu Joginder na Jaswant Singh walishinda Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika, waliyoinunua baada ya kiwanda kumaliza haja nayo. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Gari kuukuu lilishinda mapya kwa sababu mwenye kulishika usukani alikijua kila kiungo chake, na hilo ndilo jambo ambalo bei haiwezi kulisema.

Ujerumani iliacha kulitengeneza Volkswagen hilo mwaka 1978. Meksiko iliendelea, na la mwisho lilitoka kiwanda cha Puebla tarehe 30 Julai 2003, likiwa la 21,529,464. Tangu siku hiyo gari lililokuwa la kila mtu lilianza kuwa la wachache. Palipokosekana mapya, ya zamani yaliyosalimika yakawa kumbukumbu, na kumbukumbu ina soko lake. Mwaka huohuo wa 2003 yalianza nchini Kenya mashindano ya Safari kwa magari ya kale pekee, na gari lililopangwa zamani katika kundi la bei ya chini likawa la kubembelezwa na matajiri.

Hapo ndipo hesabu ya kijana wa chini ya mwembe inapoanza kupata sura yake. Bei aliyotajiwa ni ndogo kwa sababu mwenye gari anamwachia deni. Deni la kwanza ni kutu. Gari hili halikuumwa na maji ya injini, lakini linaumwa na hewa ya pwani. Chumvi huingia katika mifereji ya chuma iliyo chini ya milango, ile inayopitisha hewa moto, ikala kutoka ndani huku rangi ya nje iking'aa. Betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali yake ikidondoka hutoboa sakafu. Kijana mwerevu huinua zulia kabla ya kuinua pochi.

Deni la pili ni la matunzo. Injini haina chujio la oili la kubadilisha, ila wavu tu, kwa hiyo oili hutakiwa imwagwe kila baada ya kilomita 5,000, na vali zirekebishwe kwa kipimo wakati huohuo. Silinda ya tatu hupata joto kuliko wenzake. Akiipuuza mwenye gari, vali yake huvunjika na injini nzima ikaenda nayo. Kazi hizo si ngumu, na spea nyingi bado hutengenezwa, lakini mafundi waliozijua kwa kusikiliza mlio wanapungua kila mwaka. Asiyekuwa na fundi wa namna hiyo, wala nia ya kujifunza mwenyewe, atalipa kila kosa mara mbili.

Deni la tatu halilipiki kwa fedha. Gari lililobuniwa kabla ya vita halina mifuko ya hewa wala bodi iliyoundwa kujikunja ili kuukinga mwili wa binadamu, na tangi lake la petroli liko mbele, chini ya boneti. Breki zake zataka nafasi ndefu. Kwa dereva ambaye bado hajazoea hatari za barabara, safu hii yapasa iandikwe mwanzo wa karatasi.

Sheria nazo zina mizani yake. Ujerumani ilianzisha mwaka 1997 namba maalumu kwa magari yaliyotimiza miaka 30, yakatozwa kodi nafuu kwa kuwa ni sehemu ya urithi. Uingereza huyasamehe kodi ya barabara yaliyofikisha miaka 40. Kenya, kwa upande wake, iliweka ukomo wa miaka minane kwa magari yanayoingizwa nchini. Chuma kilekile, kwa umri uleule, ni urithi mahali pamoja na ni takataka mahali pengine. Kwa sababu hiyo gari la kale lililokwisha kuwamo nchini, lenye karatasi zake kamili, lina thamani ambayo hailetwi na meli. Na lisilo na karatasi, hata likipendeza, ni banda la kuku.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hesabu hii upya, kwani waliijua kwa jahazi. Mwenye chombo hakusema kwamba amekwisha kukinunua. Alijua kwamba kila mwaka kitapandishwa ufukweni, kitakalafatiwa, kitapakwa shahamu, na kwamba msimu mmoja wa uvivu hula faida ya misimu mitatu. Bei ilikuwa mlango tu wa kuingilia katika gharama. Aliyenunua chombo bila ya kuweka fungu la kukitunza alikuwa amenunua kuni.

Kijana akilikubali gari lake kwa macho hayo, akatenga kila mwezi fungu la kutu na la oili kama alivyotenga la petroli, atakuwa amefanya kile ambacho waliobandika stempu hawakuweza: kulipa akijua anachokilipia. Fungu hilo likimshinda, heri aliache chini ya mwembe kwa atakayeweza. Na akilipata, watoto watakapolizunguka wakicheka umbo lake, awape hadithi yake nzima, tangu ushindi wa tope la masika mpaka vitabu vya stempu na makaburi madogo ya Rühen.