Mary Wollstonecraft Mbele ya Hukumu ya Historia

Mary Wollstonecraft alizaliwa London mwaka 1759, binti wa baba mlevi aliyetapanya mali ya familia na kumpiga mkewe. Alijipatia riziki kwa kufundisha, kisha kwa kalamu. Mwaka 1792 alitoa kitabu A Vindication of the Rights of Woman. Humo alieleza kwamba Mungu amempa mwanamke akili kama alivyompa mwanamume. Mwanamke anaonekana dhaifu kwa kuwa amenyimwa elimu na kufunzwa kupendeza tu. Alitaka ziwepo shule za umma ambamo wasichana na wavulana wangesoma pamoja. Kitabu kilipokelewa vyema, kikachapwa tena mwaka huohuo na kutafsiriwa kwa Kifaransa.

Alifariki Septemba 1797, siku 11 baada ya kumzaa binti ambaye baadaye aliandika riwaya ya Frankenstein. Mwaka uliofuata mumewe, mwanafalsafa William Godwin, alichapisha wasifu wake bila kuficha kitu: mtoto aliyemzaa nje ya ndoa na Mmarekani Gilbert Imlay, majaribio mawili ya kujiua, na mimba iliyotangulia ndoa yake na Godwin. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa ya mapinduzi, na kila fikra ya usawa ilitiliwa shaka. Jarida la kihafidhina la Anti-Jacobin Review lilimhusisha na ukahaba. Hoja zake hazikujibiwa. Mwenendo wake ulifanywa ushahidi kwamba hoja hizo ni sumu.

Kwa miongo mingi hata watetezi wa wanawake walijitenga naye. Mwandishi Harriet Martineau alimwona kuwa mfano mbaya kwa harakati za wanawake. Nchini Marekani, hata hivyo, mtetezi wa haki za wanawake Lucretia Mott alikithamini kitabu cha Wollstonecraft. Mwaka 1891 Millicent Fawcett, kiongozi wa harakati za kura za wanawake, aliandika utangulizi wa toleo jipya la kitabu hicho, na jina la Wollstonecraft likaanza kusafika. Katika karne ya 20 mwanaharakati Emma Goldman na mwandishi Virginia Woolf waliyasifu maisha yaleyale yaliyokuwa yamelaaniwa, wakiyaona kuwa jaribio la kishujaa la kuishi kwa uhuru.

Tangu miaka ya 1970 wasomi wamempima kwa maandishi yake, pamoja na kasoro zake. Alikiri kwamba aliwalenga hasa wanawake wa tabaka la kati. Alirudia pia dhana potofu iliyoenea Ulaya kwamba Uislamu unamwona mwanamke kuwa kiumbe asiye na roho. Lakini mvutano juu ya mwili na heshima yake haujaisha: sanamu iliyozinduliwa Newington Green, London, mwaka 2020 ilizua ubishi mkali kwa sababu ilionyesha umbo la mwanamke uchi.

Kila kizazi kimemhukumu kwa vipimo vya maadili yake chenyewe. Hukumu ya haki ni ile inayoanzia kwenye hoja yake kuu, kwamba elimu ni haki ya kila binadamu mwenye akili. Hoja hiyo, iliyomletea matusi, leo imo katika sheria za mataifa mengi.