Rafadha: Kutoka Mbao hadi Plastiki

Kiwanja kidogo cha ndege cha Matulo, karibu na Webuye katika kaunti ya Bungoma, kinahudumia ndege ndogo, na ndege ndogo ndizo zilizofungua anga la Kenya. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, akianza na ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Rafadha za ndege hizo zilikuwa za mbao zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, kisha zikachongwa. Kokoto moja ilitosha kuzichubua.

Ndege za mfano zilirithi mbao hizo. Tarehe 30 Juni 1957, nchini Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha Radio Queen, ndege ya mfano iliyoongozwa kwa redio na kuendeshwa na mota ya umeme. Betri zilikuwa nzito mno, kwa hiyo injini za mafuta ziliendelea kutawala kwa miaka mingi. Betri za lithiamu na mota zisizo na brashi ndizo zilizogeuza mambo.

Leo rafadha nyingi za mfano ni za plastiki. Hubanwa kwenye mhimili wa mota kwa nati, upande wenye maandishi ya vipimo ukitazama mbele. Ukigeuzwa, msukumo hupungua sana. Bawa moja la rafadha likiwa jepesi kuliko jingine, utepe kidogo ukibandikwa juu yake hurudisha mizani.

Mbao iliyochubuka kidogo fundi aliweza kuipiga msasa. Plastiki yenye ufa haigundishwi, kwani kwa mizunguko maelfu kwa dakika kipande hufyatuka kama risasi. Itupe, nunua nyingine.