Nani Anashika Daftari? Historia Fupi ya Akaunti ya Kompyuta Yako

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina kisa, na kisa chenyewe kimenirudisha kwenye historia.

Mwezi uliopita mjomba wangu alinipigia simu asubuhi na mapema. Yeye ni mwalimu mstaafu, na ndiye mweka hazina wa chama chao. Laptopu yake ilijisasisha usiku, na ilipowaka ikamletea skrini ya buluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48.

"Mpwa wangu," akaniuliza, "mimi tarakimu arobaini na nane nitazitoa wapi?"

Nilipomhoji, nikaelewa. Siku aliyoinunua, kijana wa dukani alimsaidia kuiwasha. Skrini ilipotaka akaunti ya mtandaoni, kijana akaweka barua pepe yake mwenyewe ili kazi iishe haraka. Diski ikajifunga kwa msimbo, na ufunguo ukahifadhiwa kwenye akaunti ya kijana. Duka lilishafungwa na simu yake haipatikani. Miaka miwili ya hesabu za chama imo humo ndani, na hakuna fundi wa kuifungua.

Watu husema hili ni tatizo la siku hizi. Sivyo. Swali la nani ashike daftari la majina ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani.

Turudi Marekani, mwaka 1961. Katika chuo cha MIT, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kompyuta wakati huo ilikuwa kubwa na ghali mno, kwa hiyo watu wengi walitumia moja kwa kugawana muda wake. Kila mtu alikuwa na faili zake, ikabidi apewe jina na neno la siri. Daftari la majina hayo lilikaa ndani ya kompyuta yenyewe. Halikukaa salama sana: mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, aliyepewa saa nne tu kwa wiki, aliiomba mashine ichapishe faili ya maneno ya siri, akapata muda wa wenzake.

Miaka ya 1970 Unix ya Bell Labs ikafuata njia hiyo hiyo. Daftari lake ni faili ya maandishi iitwayo /etc/passwd. Ukiwasha Linux leo utaikuta pale pale, ingawa maneno ya siri yenyewe yalishahamishiwa faili nyingine iliyofichwa.

Kompyuta za nyumbani zilipokuja, daftari likatupwa kabisa. MS-DOS ya 1981 haikuuliza wewe ni nani: aliyeikalia ndiye mwenyewe. Windows 95 iliuliza jina na neno la siri, lakini kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani ulibonyeza Esc ukaingia. Ilikuwa kama mlango wenye kufuli la kuchora.

Kufuli la kweli lilikuwepo kwenye Windows NT tangu 1993, ila hiyo ilikuwa ya maofisi. Windows XP ndiyo iliyolileta nyumbani mwaka 2001. Nilipokuwa shule ya msingi, kompyuta za maabara yetu bado zilikuwa za XP, na kila akaunti ilikuwa na picha yake. Tuligombania ile yenye bata wa manjano. Hatukujua, lakini akaunti zile ziliishi ndani ya mashine ile tu. Intaneti ikikatika, na ilikatika kila siku, bata wetu hakuwa na habari.

Wakati huo huo daftari jingine lilikuwa likijazwa mbali. Mwaka 1999 Microsoft ilianzisha Passport, jina moja la kuingilia tovuti nyingi. Baadaye ikaitwa Windows Live ID, na mwaka 2012 ikawa akaunti ya Microsoft. Oktoba mwaka huo Windows 8 ikaunganisha mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali: jina lako la mtandaoni likawa pia jina la kuwashia kompyuta yako. Google ilikuwa imetangulia mwaka 2011 na Chromebook, ambazo zilijengwa juu ya akaunti ya mtandaoni tangu mwanzo.

Mwanzoni tulipewa hiari. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, toleo la Home likataka intaneti na akaunti ya Microsoft tangu siku ya kwanza. Toleo la Pro likafuata mwaka 2022 kwa watumiaji binafsi. Sisi mafundi tulijua njia za kuzunguka, lakini mwaka 2025 kampuni ilianza kuziondoa moja moja kwenye matoleo yake ya majaribio.

Sasa, nisieleweke vibaya. Daftari la mbali lina faida zake. Ukisahau neno la siri, unalirudisha kwa simu. Diski ikifungwa kwa msimbo, mwizi wa laptopu hapati barua wala picha zako. Kwenye Windows 11 Home, akaunti ya ndani kwa kawaida huiacha diski bila kufungwa, na mwizi akiichomoa anasoma kila kitu. Kampuni nayo ina faida yake: mwenye akaunti ni rahisi kuuziwa nafasi ya kuhifadhi na huduma za kulipia kila mwezi.

Kosa la kijana wa dukani halikuwa kuchagua mtandao. Kosa ni kwamba daftari lilishikwa na mtu ambaye hakuwa mwenye mali. Kama mjomba angetumia barua pepe yake, angeingia kwa simu na kuuona ufunguo wake. Kama angekuwa na akaunti ya ndani na nakala kwenye flashi, angechoka siku moja tu.

Kwa hiyo, ukinunua kompyuta, iwashe mwenyewe au usimame kando ya fundi. Ukichagua akaunti ya mtandaoni, iwe ya barua pepe yako, kisha uandike ule ufunguo kwenye karatasi. Ukitaka ya ndani, unaweza kubadilisha baadaye kwenye mipangilio. Weka nakala za faili zako mahali pengine.

Mjomba tulimsaidia kujenga hesabu upya kwa ujumbe wa M-Pesa kutoka simu za wanachama. Michango ya pesa taslimu haikuwa na ushahidi wowote, na kina mama wawili wazee waliolipa hivyo hadi leo wanamtazama kwa jicho lingine. Sasa hesabu za chama ziko kwenye daftari la karatasi, na analishika yeye.