Huwezi tena kumfuga mbwa au paka wako? Namna ya kumpatia makazi mapya kwa usalama

Mwenye nyumba amekataa wanyama, familia inahamia mkoa mwingine, bei ya chakula imepanda, au mtoto ana pumu. Sababu za kushindwa kuendelea kumfuga mbwa au paka ni nyingi, wala si jambo la kuonea aibu. Muhimu ni kumkabidhi kwa mtu mwingine katika hali ambayo haitahatarisha afya ya watoto wako wala ya watoto wa huko anakokwenda.

Kwa nini asitupwe?

Wapo wanaomtia paka kwenye gunia na kumwacha sokoni, au kumfungulia mbwa karibu na dampo wakiamini atajitafutia. Mbwa aliyeachwa huchanganyika na mbwa wengine wa mtaani, hupigana nao, na hakuna anayekumbuka chanjo yake. Hapo ndipo kichaa cha mbwa hupata nafasi.

Ugonjwa huu huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, kwa kung'ata, kukwaruza, au kulamba kidonda, macho au mdomo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu 4 kati ya kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Je, ni lazima aondoke?

Kabla ya kuamua, jadili sababu yako na mhudumu wa afya.

- Una ujauzito na una paka. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo, huhitaji kumwondoa paka. Mwombe mtu mwingine asafishe kinyesi kila siku, kwani vimelea huchukua zaidi ya siku moja kuwa na uwezo wa kuambukiza. Nawa mikono kwa sabuni, osha mboga na matunda, na pika nyama hadi iive kabisa.
- Mtoto ana pumu. Ongea na kliniki kwanza, maana moshi wa kuni, vumbi na godoro la zamani navyo huleta shida. Ikibainika kuwa chanzo ni mnyama, fahamu kuwa chembechembe zake hubaki ndani kwa miezi kadhaa. Fua mapazia na mashuka, na safisha viti na magodoro.
- Gharama ya chanjo. Uliza ofisi ya mifugo ya kata au wilaya. Katika maeneo mengi chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kabla ya kumkabidhi

1. Hakikisha amechanjwa. Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka, hivyo usisubiri siku ya kuhama.
2. Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Baadhi ya minyoo ya mbwa na paka huwapata watoto wanaochezea udongo.
3. Ukiweza, mhasi au mfunge kizazi. Vinginevyo baada ya miezi michache mwenyeji mpya atakuwa na watoto sita wa kutafutiwa makazi.
4. Watoto wa mbwa au paka wasitenganishwe na mama yao kabla ya wiki 8.

Umpe nani?

Anza na watu mnaofahamiana: ndugu, majirani, wenzako wa kanisani au msikitini. Daktari wa mifugo naye mara nyingi anajua anayetafuta mbwa wa ulinzi au paka wa kufukuza panya. Baadhi ya miji ina mashirika yanayopokea wanyama, kama KSPCA jijini Nairobi.

Muulize anayemtaka:

- Je, nyumba nzima imekubali? Kuna nyumba ambazo mbwa hatakiwi kabisa.
- Kuna watoto wadogo? Nani atawasimamia wakiwa karibu na mnyama?
- Kuna uzio, au atafungwa mnyororo mchana kutwa? Mbwa anayefungwa muda wote huwa mkali.
- Nani atamlisha na kumpeleka kwenye chanjo?

Mkabidhi kadi ya chanjo na ueleze tabia zake bila kuficha. Kama humkoromea mtoto anayemsogelea akila, sema. Ukinyamaza, wa kwanza kuumia atakuwa mtoto wa mwenzako.

Kama ameng'ata mtu, usimtoe

Familia nyingi huharakisha kumpeleka mbali au kumuua mbwa aliyeng'ata. Afungiwe salama na aangaliwe kwa siku 10, huku daktari wa mifugo akijulishwa. Akibaki mzima siku hizo zote, alipong'ata hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa. Akiugua, akifa au akitoroka, toa taarifa mara moja.

Aliyeng'atwa asisubiri siku hizo ziishe. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji.

Ongea na mtoto

Mwambie ukweli: mbwa anahamia kwa nani, na kwa nini. Mwache amuage. Ukimwambia ametoroka, ataenda kumtafuta mitaani na kumshika mbwa yeyote anayefanana naye.

Mfundishe pia kukuambia kila anapong'atwa au kukwaruzwa, hata kidogo, na umhakikishie kuwa hatachapwa. Watoto huficha majeraha kwa kuogopa kugombezwa, na chanjo hufaa ikitolewa kabla ya dalili kuanza.