Mgomba wa Simbo na mabaharia wa Borneo

Kata ndizi mbivu, uitazame katikati. Vile vidoa vyeusi ni mabaki ya mbegu zisizoota. Mgomba wa shambani huendelezwa kwa chipukizi: linang'olewa hapa, linapandwa kule, na likikauka njiani safari imekwisha. Kwa hiyo kila mgomba ulioko Simbo, hapa Kigoma, ulipitia mikono ya watu, mmoja baada ya mwingine, tangu Papua Guinea Mpya na Asia ya Kusini-Mashariki ulikoanza kulimwa.

Nani aliuvusha bahari? Wataalamu wengi huwataja Waaustronesia. Miaka 5,000 hivi iliyopita walianza kutoka kisiwa cha Taiwan, wakashika Ufilipino na Indonesia, kisha visiwa vya Pasifiki hadi Rapa Nui. Leo lugha zao zinapita 1,200. Mojawapo huitwa Kisimbo, ya kisiwa cha Simbo huko Visiwa vya Solomon. Jina limefanana tu na letu, lakini mimi limenigusa.

Wengine walielekea kwetu. Mwaka 1951 Mnorwei Otto Christian Dahl alionyesha kuwa Kimalagasi cha Madagaska ni ndugu wa Kimaanyan, kinachosemwa Borneo, zaidi ya kilomita 7,000 kuvuka bahari. Sikiliza hesabu zao: tano kwa Kimalei ni lima, Hawaii ni lima, Madagaska ni dimy. Nane ni valo Madagaska, walu huko Fiji.

Nao mabaharia hao hawakuondoka mikono mitupu kwa Wabantu. Ng'ombe Wamalagasi humwita omby, mbwa amboa, kuku akoho. Huku pwani yetu ikabaki ngalawa, yenye mbao mbili za ubavuni zinazoizuia isipinduke, kama mitumbwi ya Indonesia.

Kutoka pwani mgomba ulipanda bara shamba kwa shamba, bila kungoja msafara wa mfanyabiashara yeyote. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, ndizi zilikuwa chakula cha wenyeji tangu zamani sana.

Wanahistoria hufuata njia ya mazao kwa kulinganisha majina yake, kijiji hadi kijiji. Majina ya aina za migomba kwa Kiha, lugha ya hapa Kigoma, wanayajua zaidi wazee, na mengi hayajaandikwa popote. Walimu wa Simbo, watumeni wanafunzi kwa bibi na babu zao na daftari mkononi, msimu huu huu.